Bomba la data lilivyopeleka mafundi wawili geti moja: tunaosukuma kazi kwenda kwenye majukwaa ya ratiba, tukutane hapa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Jambo hili ninalo wiki ya tatu sasa. Kwa kuwa humu kuna watu wa seva, watu wa faiba na hata wapanga ratiba, nimeona nilimwage lote. Uzi mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Niko kampuni ndogo ya intaneti ya faiba hapa Dar, jina tuliache. Mteja akipiga simu kwamba taa ya LOS kwenye ruta yake (ya kuonyesha mwanga wa faiba haufiki) inawaka nyekundu, dada wa huduma kwa wateja anafungua tiketi, yaani rekodi ya tatizo lake, tiketi inakaa Postgres, kanzidata yetu. Zamani dispacha wetu, mgawa kazi za mafundi, alikuwa anasoma tiketi mojamoja na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Mafundi wakiwa nane iliwezekana. Walipofika thelathini, lile kundi likawa Kariakoo ya mkesha wa sikukuu. Bosi akanunua jukwaa la kupanga mafundi, yale ambayo fundi anaona kazi zake za siku kwenye simu pamoja na ramani, na dispacha anaburuta kazi kutoka kwa fundi huyu kwenda kwa yule kwenye skrini. Mimi nikaambiwa: "Toa tiketi huku, peleka kule. Wiki moja inatosha?" Nikasema inatosha. Mdomo uliponza kichwa.

Bomba lenyewe, yaani programu ya kuhamisha data, halina maajabu. Skripti ya Python inaamka kila dakika 15, inasoma tiketi zilizobadilika tangu mara ya mwisho, inazigeuza JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), inazituma kwenye API ya jukwaa, mlango wa programu kuongea na programu. Kwenye majaribio lilitiririka vizuri. Kiliumana Jumatatu ya kwanza ya kazi halisi.

Fundi wetu kafika Tabata, ngazi kaifunga ubavuni mwa pikipiki, mgongoni begi la mashine ya kuunga nyuzi. Anagonga geti. Anatoka mama mwenye nyumba, khanga begani: "Mwanangu, mwenzio ametoka hapa hata chai yake haijapoa. Mtandao unafanya kazi." Na kikombe kweli kipo barazani, nusu. Fundi ananipigia mimi, hampigii dispacha, maana habari imeshaenea kwamba "mfumo ni wa yule kijana".

Nikafungua logi, kumbukumbu za skripti. Alfajiri ile laini yetu iliyumba katikati ya kutuma. Ombi langu lilifika, jukwaa likaandika kazi, ila jibu halikurudi. Skripti ikasubiri sekunde 30, ikaona kimya, ikatuma upya. Jukwaa limeletewa kazi mbili, likaandika kazi mbili, likazigawa kwa mafundi wawili walio karibu. Lilifanya nililoliomba. Mimi ndiye niliyechukulia kimya kuwa ni hapana.

Hiyo niliitibu: namba ya tiketi yetu sasa inakwenda kama kitambulisho cha nje, na badala ya kuamuru "tengeneza kazi" naamuru "ikiwepo sasisha, isipokuwepo tengeneza". Wanaotumia Salesforce wanaijua kwa jina la upsert. Ukituma mara kumi, kazi inabaki moja.

Sasa hapo ndipo nilipochimba shimo la pili, refu zaidi. Kwa kuwa kurudia hakuna madhara, nikajiona mjanja, nikawa natuma tiketi zote zilizo wazi, na safu zake zote (jina, simu, muda, kila kipengele), kila dakika 15. Saa mbili asubuhi dispacha anampigia mteja wa Mbezi Beach, mteja anasema yuko kazini, mje saa tisa alasiri. Dispacha anaiburuta kazi hadi saa tisa. Saa mbili na robo bomba linaamka, linasoma muda ulioandikwa kwenye tiketi, saa tatu asubuhi, linaurudisha palepale. Dispacha anaburuta tena. Bomba linarudisha tena. Akadhani puku yake (kipanya cha kompyuta) imekufa, akaomba nyingine.

Nilikwenda kukaa nyuma ya kiti chake nione. Tukaitazama ile kazi ikiruka yenyewe kwenye skrini, dakika ya 15 kamili. Akageuka akaniangalia. Hakusema neno.

Nimewahi kujenga mabomba ya ripoti miaka minne. Ripoti ikikosewa usiku unairudia asubuhi, na meneja hajui hata kama ilikosewa. Kazi ya fundi ikishaingia kwenye ratiba ni ahadi, kuna mtu ameomba ruhusa kazini akae nyumbani asubiri. Kwa hiyo nikachora jedwali kwenye karatasi, nikaenda nalo kwa dispacha tukagawana safu kama watu wanaogawana shamba. Jina la mteja, simu, anwani, aina ya tatizo: mwenyewe ni tiketi, bomba linaruhusiwa kuandika juu wakati wowote. Muda wa kufika, fundi na hali ya kazi: bomba linaandika mara moja tu kazi inapozaliwa, baada ya hapo halina ruhusa kugusa. Alichokiweka binadamu kwenye skrini kinabaki.

Kelele zilipungua sana. Kilichonishinda ni muda. Bado kuna kazi zinafika kule zimehama. Nyingine zimesogea masaa matatu, nyingine masaa sita (wazee wa sarufi mnisamehe, naandika "masaa" kwa urefu wa muda, maana kwenye uzi huu nikiandika "saa tatu" hatutaelewana). Sioni mpangilio. Mwenye uzoefu aje.

#2

Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wataalamu.

#3

Pole mkuu. Kabla ya hilo la muda, nikurudishe nyuma kidogo. Umesema unasoma "zilizobadilika tangu mara ya mwisho". Kama unalinganisha muhuri wa muda (saa ya badiliko iliyoandikwa kwenye tiketi), kuna tiketi zinakuponyoka na hujui. Chukulia muamala, yaani zoezi la kuandika tiketi kwenye kanzidata, umeanza 10:14:58, ukafungwa 10:15:03. Muhuri wake unasema 10:14:58. Wewe umepita 10:15:00, hukuiona kwa sababu ilikuwa haijafungwa. Safari inayofuata unaanzia 10:15:00. Ndiyo imetoka hiyo, mteja atasubiri mpaka apige tena.

Dawa ya bure: kila ukisoma rudi nyuma dakika tano. Zile zitakazojirudia hazina madhara, si ushaweka kitambulisho cha nje? Dawa ya gharama ni kuacha kuuliza jedwali na kusoma shajara ya Postgres yenyewe (inamoandikwa kila badiliko) kwa programu ya Debezium, kila badiliko linakufuata kwa mpangilio lilivyofungwa. Ila kwa mafundi thelathini, dakika tano zinatosha, usijitafutie kazi.

#4

Mleta uzi, hao ni wadudu wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa masaa matatu ni UTC, saa ya kimataifa ya kompyuta. Sisi tuko UTC+3 mwaka mzima, hatusogezi saa. Tiketi yako imeandikwa 09:00 bila kusema ni ya wapi, jukwaa linaichukua kama 09:00 UTC, linamwonyesha fundi 12:00. Saa tatu asubuhi imekuwa saa sita mchana. Tuma 2025-03-10T09:00:00+03:00, au igeuze mwenyewe iwe 06:00:00Z (Z ni UTC). Huyo kafa.

Wa masaa sita ni wetu wenyewe, na hutamkuta kwenye nyaraka za jukwaa lolote. Kaa siku moja karibu na dada wa simu. Mteja anasema "mje saa nane mchana". Dada anaandika 08:00. Sikio limesikia nane, vidole vimeandika nane. Si mzembe, siku nzima anatafsiri saa ya Kiswahili kwenda saa ya kompyuta huku anaongea na mtu mwenye hasira.

Tazama mdudu huyu anavyojificha. Mteja wa saa nne asubuhi akiandikiwa 04:00, jukwaa linagoma, hakuna fundi wa alfajiri, kosa unaliona. Lakini saa nane mchana ikiandikwa 08:00, saa tisa 09:00, saa kumi 10:00, zote zinaangukia ndani ya saa za kazi! Zinapita kimya. Wa asubuhi wanapiga kelele, wa mchana wanakufa kimyakimya. Atakayejua ni mteja aliyegongewa geti saa mbili asubuhi akiwa na sabuni usoni.

Usithubutu kutibu kwa kuongeza sita kwenye bomba, utaharibu zilizoandikwa sawa. Tibu kwenye fomu. Ondoa sehemu ya kuandika saa, weka vitufe: "asubuhi saa 2–4", "saa 4–6", "mchana saa 6–8", "saa 8–10". Nyuma ya pazia kila kitufe kina 08:00–10:00 na kuendelea. Dada abonyeze alichosikia, asihesabu kitu.

#5 (mleta uzi)

Mkuu #4, nimesoma nikanyamaza. Nimechagua tiketi tano za wiki iliyopita zenye 08:00 nikasikiliza rekodi za simu. Tatu mteja anasema "saa nane" waziwazi, mmoja mpaka ameongeza "baada ya kula". Kesho fomu inabadilishwa.

#6

Mimi niko Nairobi, na huku ni mbaya zaidi bana. Mteja anaanza simu kwa Kiingereza anamalizia kwa Kiswahili, saa ni ileile lakini imetajwa kwa namba mbili. Hivyo vitufe naviiba.

Lakini wacha niongeze ya kwetu. Sisi hatungoji mteja apige, tunasoma ishara za hitilafu kutoka kwa mitambo moja kwa moja. Siku moja tingatinga la watu wa barabara limekata kebo kubwa. Kila ruta iliyo nyuma ya ile kebo ikapiga ishara, na bomba letu, kwa utiifu, likafungua kazi kwa kila ruta. Mamia. Mafundi wote wa upande huo wakatumwa kwa nyumba za watu kuangalia ruta nzima kabisa, huku kebo imelala mtaroni. Juu ya hayo API ikachoka nasi, ikaanza kujibu 429, yaani "maombi yamezidi". Jibu la 429 mara nyingi huja na Retry-After, inakuambia usubiri sekunde ngapi. Sisi hatukuisoma, tulikuwa tunagonga tu mlango kwa nguvu zaidi.

Sasa tunakusanya kwanza. Ishara nyingi za tawi moja ndani ya dakika chache zinakuwa kazi moja ya kuunga kebo, wateja wanaandikwa chini yake. Tukipata 429 bila maelekezo tunangoja sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila mara tunaongeza kipande cha nasibu, ili vibarua vyote (skripti zinazotuma) visirudi mlangoni kwa pamoja.

#7

Ongezeni ramani kwenye orodha ya maumivu. Mbagala iko kama −6.9 latitudo, 39.27 longitudo. Kuna mifumo inataka latitudo kwanza, na GeoJSON, muundo wa data za ramani, inataka longitudo kwanza. Ukizigeuza, fundi wako wa Mbagala anapangiwa kazi Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Nimeiona kwa macho yangu, muda wa safari ukawa hauhesabiki na kazi ikakaa bila fundi siku mbili. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, kazi inahamia Ethiopia, milima ya Bale. Sehemu ikiwa tupu na programu ikajaza sifuri, kazi iko baharini, Ghuba ya Guinea.

Kinga yake mistari miwili: latitudo ya Tanzania bara iwe kati ya −12 na 0, longitudo kati ya 29 na 41. Kilicho nje hakipiti.

#8

Haya yote ya nini? Rudini WhatsApp. Fundi anajua mtaa wake.

#9

Mimi ni dispacha, wa viyoyozi na jenereta, si ofisi ya mleta uzi ila maumivu ni yaleyale. Kaka, hongera kwa kwenda kukaa nyuma ya kiti. Miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna mtu wa data aliyewahi kukaa nyuma ya kiti changu.

Mnachokosea ninyi wa mabomba ni kudhani kazi na ziara ni kitu kimoja. Fundi amekwenda, amekuta kompresa imekufa, kipuri hakipo stoo. Ziara imekwisha, kazi haijaisha. Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa na rekodi moja tu. Fundi akibonyeza "imeshindikana", kazi inafungwa na mteja anasahaulika mpaka aje ofisini kufoka. Majukwaa makubwa yanatenganisha: kwenye Salesforce kuna WorkOrder na ServiceAppointment, kwenye Dynamics 365 kuna oda ya kazi na nafasi iliyowekwa kwa fundi. Kazi moja ziara tatu, sawa. Kama bomba lako linajua rekodi moja tu, utakuja kulia.

La pili, kufuta. Mteja amesema msije, dada amefuta tiketi kwenye kanzidata. Bomba linasoma zilizobadilika. Iliyofutwa haijabadilika, haipo! Kwa hiyo kule kwangu bado ipo, na fundi anaenda. Tiketi isifutwe, iwekewe alama ya "imesitishwa", hiyo bomba litaiona. Na kama fundi keshaanza safari, msinibadilishie kimya kwenye simu yake, hasomi akiwa juu ya pikipiki. Mnijulishe mimi nimpigie.

Halafu hizi dakika 60. Kila kazi inayotoka kwenye bomba inakuja na dakika 60. Kusafisha kichujio dakika 60, kushusha jenereta kutoka ghorofa ya tatu dakika 60. Ratiba inapendeza asubuhi, saa tano imeshavunjika. Chukueni muda halisi wa kazi zilizokwisha, kwa kila aina ya tatizo, mtume huo.

Na wewe #8, fundi anajua mtaa wake, kweli. Hajui kama mwenzake yuko mtaa wa pili na kipuri anachokihitaji.

#10

Dada #9 umemaliza. Niulize: Kigamboni mnafanyaje? Jukwaa letu linapima kwa mstari ulionyooka, linaona Posta na Kigamboni ni pua na mdomo. Fundi anafika foleni ya kivuko anapoteza asubuhi nzima, au azunguke Daraja la Nyerere.

#11

@#10 tuliifanya Kigamboni kanda yake yenyewe, na mafundi wake wanaokaa hukohuko. Bomba linaweka kanda kwa jina la kata iliyo kwenye tiketi, halisubiri jukwaa likisie kwa umbali. Akivuka mtu ni kwa ruhusa ya dispacha.

#12

Naomba nitie neno moja la kisheria. Jina, simu na nyumba anayokaa mteja mnazirusha kwenye seva iliyo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Onaneni na mwanasheria wenu. Na hata bila sheria, pitieni JSON yenu safu kwa safu. Namba ya NIDA ya mteja inatafuta nini kwenye simu ya fundi?

#13 (mleta uzi)

@#12 umenikamata. NIDA ilikuwemo, kwa sababu nilichukua jedwali zima bila kuchagua. Imetoka jana.

Wakuu, mrejesho. Vitufe vimewekwa, dada wa simu wanasema ni mara ya kwanza mtu wa IT amewapunguzia kazi. Nimeanza kutuma +03:00. Kazi na ziara nimezitenganisha, ilinichukua siku nne na sijazimaliza vizuri, fundi akiwa hana mtandao siku nzima halafu simu yake ikamwaga taarifa zote jioni, mpangilio unanivuruga. Naongeza namba ya toleo, taarifa yenye toleo la zamani isifute ya mpya. Nikikwama nitarudi.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni kapu. Tiketi isiyopita ukaguzi, iwe latitudo ya ajabu, simu iliyoliwa sifuri ya mbele na Excel au muda usioeleweka, haiendi kwenye jukwaa na wala haizuii zilizo nyuma yake. Inaangukia kapuni ikiwa na sababu yake kwa Kiswahili, na kila siku saa moja na nusu asubuhi mimi na dispacha tunalipitia kabla mafundi hawajatoka.

Leo lilikuwa na tatu. Mbili hazina mahali kwenye ramani, anwani imeandikwa "nyuma ya msikiti, uliza kwa mama muuza vitumbua". Dispacha alizijua zote mbili. Ya tatu dada alibonyeza "mchana saa 6–8" lakini kwenye maelezo akaweka alama ya kuuliza, na mkaguzi wangu, ile programu ya ukaguzi, akaikamata. Nikampigia mteja. Ana baa Sinza. Saa sita aliyoisema ni ya usiku, ndiyo wateja wake wanaanza kujaa na ndiyo mtandao unakata.

Fundi wa zamu ya usiku hatuna. Dispacha anamtafuta hivi ninavyoandika.